Mpima Damu, Mama Mkwe na Sikio la Sultani

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama! Nyamazisheni vijiko vyenu, niwasimulie siku ile mpima damu wa maabara ya wanyama, simba wa koti jeupe, bwana wa sindano isiyotetemeka, alipokwenda kuteka tone moja katika sikio la sungura.

Naye hakuwa sungura hivi hivi. Jina lake Sultani. Mwezi mzima alilishwa vitamini D, zawadi ya jua, pamoja na melatonini, homoni ya usingizi, mjumbe wa giza. Mchana na usiku vikafungishwa ndoa mishipani mwake, ili wenye elimu wajue kama damu yake imenawiri au imefifia. Wenzake wote walikwisha kupimwa. Angekosekana yeye, utafiti ungebaki na pengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Kizimba kikafunguliwa. Sultani akaruka! Akapita katikati ya miguu ya shujaa, akakata kona kwenye ndoo, akajitia chini ya kabati la chupa. Shujaa naye akalala kifudifudi, akatambaa vumbini kama jeshi lizingiralo ngome. Na aliponyoosha mkono amtwae mateka, suruali yake ikapasuka nyuma kwa kishindo cha tarumbeta.

Papo hapo mlango ukafunguka. Ole! Aliyeingia ni mlezi wa wanyama wa maabara, ambaye, kwa hukumu ya majaaliwa, ndiye aliyemzaa mke wa shujaa.

"Shi... shikamoo, mama," ikatoka sauti chini ya kabati.

"Marahaba, baba. Mbona leo unanisalimia kwa upande huo?"

Mama akachuchumaa, akaita, "Sulu, Sulu," na Sultani akatoka mwenyewe, akampanda mapajani. Shujaa akainuka, mgongo ukutani, akanena:

"Ewe mama, ngao ya wenye manyoya! Sikuja kumwaga damu kwa uchu. Nataka tone moja tu, kwa ajili ya elimu na vizazi vijavyo!"

"Hotuba nzuri. Lakini Sulu wangu hadungwi na mtu asiyejua kunavyouma. Jidunge wewe kwanza."

Huo ndio ukawa mtihani! Kwa maana shujaa, aliyewadunga mbuzi, kondoo na hata bata mzinga mwenye hasira, hakuwahi kuiona damu yake mwenyewe bila kuzimia. Lakini mkewe asikie kwamba alishindwa mbele ya mamaye? Heri mauti! Akafumba macho, akajidunga kidole. Akayumba kama mgomba kwenye upepo, akashika meza, akasimama.

"Haya, mwanangu," mama akasema, safari hii kwa upole. "Mshipa huu hapa."

Akalishika sikio, sindano ya shujaa ikaingia. Sultani alikuwa akitafuna kabichi, wala hakushtuka.

Matone yote mawili yakapimwa, moja baada ya jingine. Mama akavaa miwani.

"Ya Sulu imejaa tele. Yako... jamani, baba! Sungura amekushinda damu!"

"Sungura mmoja hathibitishi kitu, mama."

"Ila mkwe mmoja anathibitisha kwamba wewe na binti yangu mnakesha na simu. Kuanzia kesho ule mboga za majani, uote jua la asubuhi, na usiku taa mzime mapema!"

"Ndiyo, mama."

Basi na ikumbukwe kizazi hata kizazi: siku ile mtu alitoa matone mawili, moja la sungura na moja lake, machoni pa mama mkwe, wala hakuzimia. Wapo wafalme waliojengewa minara kwa machache kuliko hayo.