Ombi la Kung'olewa Viti vya Nyuma

Ndugu Meneja wa Yadi ya Magari,

Pokea salamu za bibi harusi wa juzi tu. Mimi ni yule niliyekuja na mume wangu tukanunua lile gari dogo la kifahari lililotumika, jeusi, lenye viti vya ngozi. Linang'aa, halina kelele, na mume wangu akishika usukani anapendeza hadi nasahau kufunga mkanda. Hata hivyo, nina malalamiko.

1. Ulituambia gari ni dogo. Tuliamini, maana siku ya kulikagua tulikaa mbele tumeshikana mikono, mlango wa nyuma hatukuugusa. Ulituona, ukanyamaza. Nyumbani mama mkwe ndiye aliyeufungua. Aliingia, akanyoosha miguu, akamwombea dua aliyelitengeneza.

2. Tangu siku hiyo hajashuka. Tukienda sokoni, yumo. Tukienda kupunga upepo, yumo, na mto wake wa kuegemea. Nilipomnong'oneza mume wangu kwamba hii ni safari ya wapenzi, mama alijibu kwa upole kutoka nyuma kwamba tuendelee tu, yeye amelala.

3. Viti ni laini mno. Lile gari bovu tulilokuwa tukiazima lilimuumiza mgongo, akawa anabaki nyumbani, nami nikaliegemea bega la mume wangu njia nzima. Kwa hiyo, Ndugu Meneja, ulaini wa viti vyako unahatarisha ndoa changa.

4. Sasa wifi naye ameuliza kama pale katikati pana mtu. Akija na shangazi, mimi nitawafuata kwa miguu.

Naomba fundi wako aving'oe viti vyote vya nyuma. Nataka kuwa na mume wangu peke yetu, angalau mpaka tuzoeane.

Nisalimie makarani wote, fundi, na yule mlinzi aliyetufungulia geti huku akitutakia watoto wengi.

Ni mimi, mwenye furaha na manung'uniko,
Mke wa Mwalimu wa Hesabu

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii, mama alisafiri, tukatoka wawili. Mume wangu aliendesha kimya kwenda na kurudi. Ndipo nikang'amua kwamba maneno yote matamu yanayoniyeyusha humo garini huwa anamwambia mama yake: mama, umeona mke wangu alivyopendeza, mama, hapa nimepata mke. Tafadhali viti viache. Ila fundi aulegeze mkanda wa upande wa mama, unambana kidogo, nisije nikamkosa.