Fomu ya Kutambua Wala Unga

Mwaka 1995, kwa tangazo lenye mihuri mitatu, Kamati ya Utambuzi na Utokomezaji iliwajulisha wananchi na wakimbizi wote kwamba heroini itakwisha kambini Benaco ifikapo Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, kabla ofisi hazijafungwa.

Kazi alipewa Bwana Matiasi, katibu wa kamati. Heroini hakuwahi kuiona, ila alihudhuria semina ya siku mbili na alilala siku moja tu. Alirudi na fomu yenye dalili kumi: kusinzia, kujikuna, kukosa choo, kutapika, kukonda, kutoa jasho, kuombaomba, kusema uongo, kutelekeza familia na, nzito kuliko zote, kukana. Mwenye alama sita anafungiwa hemani, ale mahindi ya kuchemsha na nasaha.

Alianzia kwenye foleni ya chakula.

"Mama, unakula unga?" alimwuliza Mukandayisenga, mkimbizi mwenye watoto wanne.

"Ndiyo, mzee. Ila wa wiki hii una wadudu."

Matiasi akaandika: *Amekiri bila kushurutishwa.*

Kufikia adhuhuri alikuwa amenasa watu mia mbili na kumi na wanne. Sista Petronila, muuguzi wa zahanati ya kambi, akaipitia orodha na kuvua miwani.

"Bwana Matiasi, hawa wanaojikuna wana upele. Wape sabuni. Hawa wanaosinzia wamesimama juani tangu alfajiri."

"Fomu haina nafasi ya sabuni, Sista."

Sista akaondoka kuitafuta sabuni mwenyewe. Hapo akaingia ofisini Hakizimana, dereva wa lori la mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mimi najidunga heroini. Mwaka wa tatu sasa, tangu nilipoanza kupakia mizigo bandarini. Nataka kuacha, nashindwa. Nisaidieni."

Matiasi akampima. Shati limepigwa pasi, mwili umejaa, hasinzii, hajikuni. Tena hakani! Alama sifuri. Akamgongea cheti cha usafi.

"Lakini mzee, ninayo hapa mfukoni!"

"Ndugu, usituharibie takwimu."

Hakizimana akaondoka na cheti chake. Haikupita saa nzima, watu wakapiga kelele kwenye maegesho. Walimkuta ameegemea gurudumu, midomo imekuwa ya bluu, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Alivuta pumzi moja, kisha kimya kirefu.

"Huyu hajalala, mwili umesahau kupumua!" Petronila alisema, akimlaza chali na kumpulizia hewa kwa mfuko wa mpira wa kupumulishia wa zahanati. "Hivi ndivyo unga unavyoua. Shika kichwa! Hesabu!"

Matiasi akashika, akahesabu pumzi moja moja kwa dakika arobaini. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuhesabu kitu kilichohitaji kuhesabiwa.

Hakizimana akafumbua macho. "Anaweza kuzama tena," Petronila akasema. "Afike hospitali ya Rulenge sasa hivi."

Ukiacha lori lisilo na dereva mwingine, gari lilikuwa moja tu, la Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati, aliyekuja kupokea taarifa ya ushindi.

"Haiwezekani," alisema Mwenyekiti akipiga miayo ya usingizi. "Mwenye cheti cha usafi hawezi kuugua. Utaratibu ni utaratibu."

Matiasi akamtazama. Mheshimiwa alikuwa anajikuna chini ya tai. Jasho lilimtiririka. Wakati wa chakula alikuwa amelalamika kwamba ana siku nne hajapata choo, na mkewe alikuwa ameshaandika barua tatu ofisini kumwulizia. Matiasi akachomoa kalamu, akahesabu alama tano.

"Mheshimiwa, wananchi watapata maji uliyowaahidi lini?"

"Mwezi ujao."

"Uongo. Alama sita."

"Wewe! Mimi si mla unga!"

"Kukana. Saba."

Mgambo wawili, waliozoea kutii chochote chenye muhuri, wakambeba Mheshimiwa hadi hemani. Gari likaondoka na mgonjwa na Petronila.

Huko Rulenge Hakizimana alitapika, akatetemeka, mifupa ikamuuma kana kwamba imepondwa kinuni, akamtukana Petronila kwa lugha tatu. Siku ya sita akaomba uji. Petronila akamwambia safari ndiyo kwanza imeanza, naye akasema anajua, aongezewe sukari.

Mheshimiwa naye alitaka kutoka. Matiasi akamweleza kwa heshima kwamba anayetoka ni aliyepona, na hakuna anayepona ugonjwa asiokuwa nao. Siku ya tisa, kwa mkono wake mwenyewe, Mheshimiwa akasaini kwamba alikuwa mla unga na sasa amepona.

Mpaka kamati ilipovunjwa, picha yake ilining'inia kwenye ubao wa matangazo, akiwa amekonda na kupendeza, na chini yake maandishi makubwa: MLA UNGA WETU WA KWANZA KUPONA.