Maiti Anayetaka Kuongoza Filamu

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekufa tena leo. Studio ya chuo, kitanda cha kukunja, shuka jeupe. Safari hii nilikuwa babu yake Marcellus. Wiki iliyopita nilikuwa babu yake Yesenia, nikafia kwenye kiti. Kabla ya hapo nilikuwa tajiri aliyesukumwa kwenye ngazi, ingawa picha waliyopiga ni ya miguu yangu tu. Darasa letu la filamu ni la vijana, na kila kijana hapa Toledo ameandika kisa cha babu anayekufa. Mwanamume mzee darasani ni mmoja. Mimi!

Marcellus hakuridhika. Alisema, Babu, maiti hapumui bwana, kifua kinapanda na kushuka kama godoro la upepo. Nikamwambia mapafu yangu ni mabovu, mashine ya oksijeni iko begani mchana na usiku, na akitaka maiti kamili avute subira, hatangoja sana. Hakuna aliyecheka. Vijana wa siku hizi hawana utani.

Ninaandika kila kitu humu bila kuficha. Daktari amesema mapafu haya hayana safari ndefu, na mtu wa hali yangu hana haja tena ya kujipamba. Mimi, Lemuel Hatcher, mwalimu mstaafu wa Kilatini, sikuja chuo hiki cha jamii kufa bure. Nimekuja kutengeneza filamu moja. Ya kwangu. Mzee yuko kitandani, anamwambia binti yake kwamba anampenda. Basi. Binti yangu Corinne atakaa safu ya mbele siku ya onyesho la mwisho wa muhula, naye atayasikia. Kumwambia mezani nimeshindwa. Nilijaribu mwezi wa pili. Nikaishia kumuuliza kama gari limebadilishwa oili.

Kikwazo ni Mwalimu Renata. Anasema wazee huingia darasani bure, kwa hiyo husikiliza na kusaidia; kuongoza, hapana. Nikambana. Hatimaye akasema nikipata wenzangu wa kunifanyia kazi kwa hiari yao, atanipa studio kwa siku moja. Kwa hiari! Neno la kukatisha tamaa.

Lakini nina mpango. Kuanzia Jumatano, nagoma kufa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimetangaza mgomo kabla kahawa haijapoa. Nikasimama, nikasema hakuna atakayepata maiti yangu mpaka aahidi siku moja ya kazi kwenye filamu yangu. Marcellus akacheka mpaka akakumbuka kwamba hajamaliza mazishi yake, na anapiga picha Ijumaa. Akaniuliza kama ninatania. Nikamtazama nilivyokuwa nikitazama watoto waliosahau vitenzi. Akakubali kushika kamera. Yesenia akakubali kurekodi sauti, maana babu yake anatakiwa afe upya. Mara ya kwanza nilikohoa nikiwa nimeshakufa.

Ushindi! Kwa dakika chache.

Kisha ikasikika sauti kutoka nyuma. Bi Odessa Pruitt. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, mjane, karani mstaafu wa posta, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Kibaptisti tangu ujana. Alijiunga mwezi jana, na mpaka leo nilidhani amekuja kwa ajili ya donati. Akasema, jamani wanangu, mnahangaika nini, mimi nitawafia bure. Akajilaza juu ya meza palepale. Akaacha kupumua. Tukangoja. Akaendelea kutopumua. Marcellus akaanza kupiga makofi, na darasa zima likamfuata. Mapafu ya kwaya! Hiyo si sanaa, ni udanganyifu.

Babu wa Marcellus amegeuzwa bibi. Mgomo umekwisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika kama lilivyo.

Nilisikia Bi Odessa akimwambia Yesenia kwamba maua humpigisha chafya. Leo asubuhi nikamwomba Corinne tupitie duka la maua. Akashtuka, akauliza ni ya nani. Nikasema ya marehemu. Nikanunua shada kubwa la mayungiyungi, yale yenye vumbi la manjano, nikaliweka kichwani pa kitanda cha mazishi. Marcellus alifurahi. Alisema Babu, sasa unaelewa ushirikiano. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kamera ikaanza. Bi Odessa akalala kama jiwe. Vumbi la manjano likamwangukia puani. Hakutikisika. Nikasogea karibu ili nione vizuri zaidi chafya ikija.

Aliyepiga chafya ni mimi. Nikapiga tena, na tena, mrija wa oksijeni ukachomoka, nikabebwa hadi kwenye korido na vijana wawili wa darasa la ufundi bomba. Huko nyuma nikamsikia Marcellus akisema hiyo picha ni safi sana, ila kuna mtu amekufa kweli upande wa kushoto.

Bi Odessa alikuja baadaye na bilauri ya maji. Akasema, Mwalimu Hatcher, mayungiyungi hayanisumbui, yanayonisumbua ni mawaridi, siku nyingine uliza. Alijua! Mwanamke huyu ni hatari.

Jumatatu, 14 Aprili

Usiku nimewaza. Adui usiyeweza kumwondoa, mpe kazi. Nimemwalika Bi Odessa acheze katika filamu yangu.

Akauliza atacheza nani. Nikasema binti yangu. Akauliza nina miaka mingapi. Nikasema themanini na nne. Akafikiri kidogo, akasema basi ulianza mapema. Marcellus akaanguka kwa kicheko, Yesenia akamwagikiwa na soda. Lakini ajabu ni hii: Bi Odessa alipokubali, wote wakakubali. Hawakunikubalia mimi, nalijua hilo. Wamemfuata yeye. Sijali. Mwalimu Renata ametoa studio ya Alhamisi. Mimi ndiye mwongozaji. MIMI.

Corinne ameuliza filamu inahusu nini. Nimemwambia inahusu kilimo.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku kuu ya maisha yangu!

Niliongoza nikiwa kitandani, kwa kuwa mzee anayekufa nilicheza mwenyewe. Ni njia nzuri ya kuongoza, kila mtu anakuinamia. Nilimwagiza Marcellus ashushe kamera, aipandishe, airudishe pale pale. Akasema, Babu, tungeanzia hapo tangu mwanzo. Nikamwambia sasa tunajua kwa nini.

Yesenia alivaa visikilizio, akasema mashine yangu inasikika, pshh, pshh, chini ya kila neno. Nikaizima. Nikaishiwa pumzi katikati ya sentensi. Akasema basi iwashwe, mgonjwa na mashine yake hakuna atakayeshangaa. Nikasema maneno yangu yote nikiwa na pshh pshh, na sauti yangu haikutetemeka. Tatizo ni Bi Odessa. Nilimwandikia mistari michache tu ya kupita. Akaisema kwa namna ambayo Marcellus alifuta macho kwa mkono wa fulana. Kwenye filamu YANGU.

Mwisho wakarekodi kimya cha chumba. Ndiyo desturi yao. Kila chumba kina kimya chake, taa zinavuma, mabomba yananguruma kwa mbali, kwa hiyo watu wote husimama kama miti huku kinasa sauti kikikusanya ule utupu. Baadaye mhariri akipata tundu kwenye sauti, huliziba kwa kimya hicho. Nikanyoosha mkono kuzima mashine. Yesenia akasema hapana Babu, iache, kimya lazima kifanane na maongezi. Nikamwambia nimekaa mbele ya madarasa maisha yangu yote, kimya nakijua, na kimya chenye pshh si kimya. Akasema itakuletea shida. Nikamuuliza mwongozaji ni nani hapa. Akainua mabega, akasema haya, bosi.

Nikaizima. Nikabana pumzi. Bi Odessa naye akabana yake, akinitazama machoni. Tulishindana mpaka Yesenia akasema inatosha. Nilishindwa, lakini kimya kile kilikuwa safi kama theluji.

Jumanne, 22 Aprili

Uhariri, pamoja na Marcellus. Nimekiri mengi humu. Niongeze na hili. Nimefuta mistari yote ya Bi Odessa.

Marcellus alikataa. Alisema Babu, huyu mama ndiye filamu yenyewe, ukimtoa unabaki unajisemea. Nikamjibu kwamba watazamaji wanakuja kunisikiliza mimi, na mmoja hasa. Akauliza nani. Nikasema mtu wa kilimo. Basi tukamnyamazisha, na kila tundu lililobaki alipokuwa akisema tukaliziba kwa kimya changu safi.

Tukatazama. Mzee anasema, binti yangu, pshh, pshh. Kisha Bi Odessa anamwangalia, na pumzi inakatika. Kimya cha kaburi. Kisha mzee anaendelea, pshh, pshh, kuna jambo sijakwambia. Kimya tena. Marcellus akasema, Babu, unakufa kila ukimaliza sentensi, halafu unafufuka. Pasaka si ilikuwa juzi?

Nikaenda nyumbani kurekodi kimya kipya chenye mashine, jikoni kwangu. Jokofu likanguruma kuliko mimi. Studio imejaa mpaka siku ya onyesho. Marcellus akaniomba turudishe maneno ya Bi Odessa, kila kitu kitakaa sawa kwa kubofya mara moja. Mara moja tu, Babu, nakuomba.

Nimekataa. Watu wakiguswa moyoni hawasikilizi mashine.

Ijumaa, 25 Aprili

Ukumbi ulijaa. Corinne safu ya mbele, kama nilivyopanga, na gauni lake la bluu.

Kimya cha kwanza, mtu mmoja nyuma akashtuka. Kimya cha pili, mtu akacheka kwa pua. Kufikia cha tatu walikuwa wakiningojea. Nikikata pumzi wanashika viti. Nikifufuka wanapiga kelele. Kijana mmoja akapaza sauti, haya mzee, rudi! Nikarudi! Makofi! Na Bi Odessa kwenye skrini, mdomo umefungwa, akinitazama kila nikifa kama mtu anayesubiri basi. Bi Odessa mwenyewe, kwenye kiti, alicheka kwa sauti ya kwaya nzima. Maneno yangu, yale niliyoyabeba tangu Corinne akiwa mdogo, yalipita katikati ya kicheko kama mtu anayevuka barabara kuu kwa miguu.

Wakasimama wote. Mwalimu Renata akasema hajawahi kuona mwanafunzi anayejua kupima muda wa kuchekesha namna hiyo. Nikamwambia haikuwa ya kuchekesha. Akacheka zaidi.

Garini Corinne alikuwa akifuta macho. Alicheka mpaka tukafika penye taa za barabarani. Akauliza, Baba, yale maneno ulikuwa unaniambia mimi? Nikamwambia aangalie barabara, mbele kuna lori. Hakukuwa na lori. Akasema sawa, Baba. Akaniwekea mkono juu ya goti mpaka nyumbani, akiendesha kwa mkono mmoja, jambo ambalo ni hatari na nilimwambia hivyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimetafakari kwa utulivu. Makosa yako wazi. Watazamaji wa Toledo hawajafundishwa kufiwa. Ukumbi ulikuwa na vijana wengi mno. Marcellus alihariri vile nilivyomwagiza, na mhariri mwenye akili angenikatalia. Bi Odessa alinyamaza kwa makusudi, kwa namna ya kuchekesha.

Corinne hakusikia vizuri, hilo ni dhahiri. Asubuhi hii aliniletea mayai, akanibusu utosini, jambo ambalo hajalifanya tangu shule ya msingi, akasema amesikia kila neno. Anasema hivyo kunifariji. Palikuwa na kelele.

Kwa hiyo filamu itarudiwa. Nimempigia simu Mwalimu Renata, nimejiandikisha hatua ya pili ya darasa. Nataka kamera kubwa zaidi, ukumbi usio na vijana, na binti mwingine. Bi Odessa nimempa nafasi ya muuguzi asiye na maneno, na asiye na uso. Amekubali haraka mno. Nitamchunga.

Masomo yanaanza Agosti. Daktari amesema nisipange chochote cha Agosti. Nimemuuliza ameongoza filamu ngapi.