Sabini na Moja Tangu Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi 2025, Nyamasaria
Mama Nakhungu, muuza samaki wa Luanda Kotieno, anataka betri nane za friji. Lithiamu-fosfati, za asidi zimemchosha. Sharti moja: mita ionyeshe asilimia iliyobaki. Atajaribu moja kwanza. Akiridhika, oda yote yangu. Asiporidhika, anavuka barabara kwa Bildad. Bildad, niliyemfundisha mimi kuchomelea waya!

Chipu za mita ziko aina mbili. Moja inapima volti, basi. Nyingine inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama askari wa geti na magari. Bei mara tatu. Nimechukua ya volti. Volti ni volti.

Jumanne, 4 Machi
Nimeijaribu betri ya kwanza na feni. Saa nne: volti 13.2, mita 71. Saa saba: 13.2, mita 71. Saa tisa: 13.1, bado 71. Ajabu. Betri ya asidi hushuka kama ngazi, hii ni tambarare ya Kano. Uamuzi: haichoki. Nimeituma.

Alhamisi, 6 Machi
Simu ya Mama Nakhungu. Mita ilisema 71 tangu asubuhi, halafu sifuri, friji kimya, samaki wake, mbuta, wakaanza kulainika. Anasema mita yangu ni kama mume wake: ukimpigia yuko njiani, mchana kutwa yuko njiani. Nikasema labda friji ndiyo inadanganya. Akacheka vibaya. Nina hadi Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua ya kuhesabu. Nani yuko dukani? Bildad. Akaniambia, omera, ndugu yangu, hiyo lazima uifundishe: betri ijae hadi ishibe, iishe hadi ife njaa, ijae tena. Ndipo chipu itajua tumbo lina ukubwa gani. Nikamwambia najua. Sikujua.

Jumapili, 9 Machi
Siku mbili najaza na kumaliza. Kanisani sikwenda, nalinda tarakimu kama maziwa jikoni. Kadude hako kana akili kuliko mafundi wengi. Mchana kakajifunza. Kakasema: tumbo la betri ni ampea-saa 41.

Mimi stika zangu zinasema 50. Zote nane nimeshabandika.

Nimeingia kwenye mipangilio, nikafuta 41, nikaandika 50. Kesho naipeleka.

Jumatano, 12 Machi
Friji imezima mita ikisoma 18. Mama Nakhungu hakufoka, na hilo ndilo baya. Alisema 71 hakuwahi kuiamini, lakini 18 aliiamini. Oda imevuka barabara. Betri za Bildad zimeandikwa 40. Arobaini! Nani ananunua arobaini?

Nimepiga hesabu. Tisa zilizokosekana kwenye 50 ni asilimia 18 kamili. Kwa hiyo chipu haina kosa. Mimi pia sina. Kosa ni stika: 18 iko karibu mno na sifuri, mtu anashuku betri. Nikiandika 60, friji itazima mita ikisoma 32. Hapo nani atalaumu betri? Atalaumu friji.

Nimeagiza stika mia moja za 60.