Aliyelikaba Koo Langu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi kutoka mjini Taraz kwa daktari wa koo. Basi la asubuhi, kiti cha nyuma, baridi shingoni. Miezi minane sasa sauti yangu inakatika. Nikisalimia, watu hupata "assa", kisha kimya, kisha "mu". Wengine hufikiri nimelewa. Mimi! Serikbol, niliyewafunua uso mabibi harusi mia tatu na kumi na wawili kwa wimbo na dombra yangu, gambusi letu la nyuzi mbili! Kwetu bibi harusi hubaki amefunikwa mpaka mwimbaji amtajie wakwe mmoja mmoja kwa beti, naye awainamie, ndipo afunuliwe.

Daktari, mama mpole, aliingiza kamera puani. Akasema hakuna kidonda. Misuli ya sauti inabana ovyo kwa sababu inapata amri mbovu kutoka kwenye ubongo. Nikamuuliza nani amesababisha. Akasema haijulikani hasa. Wapo wanaoanza baada ya mafua makali, wapo walioumia shingo, wapo walioichosha sauti miaka mingi, na wengi huanza hivi hivi tu. Tiba ni sindano ya kooni, tena ya kurudiwa kila baada ya miezi michache. Ya kooni! Nikavaa kofia. Alikuwa bado anaongea, jambo fulani kuhusu kuimba, na akaandika kitu kwenye karatasi. Sikumsikiliza. Nilishaanza kuorodhesha watuhumiwa nyuma ya karatasi ile.

Mafua: Tolegen. Shingo: mke wangu Kulyash. Kuichosha sauti: mimi mwenyewe. Hiyo ya mwisho nimeifuta.

Jumamosi ni harusi ya Sanzhar, mtoto wa marehemu mdogo wangu Yerbol. Nimemlea tangu ana miaka sita. Yerbol alinishika mkono siku ya mwisho akasema, "Kaka, mke wa Sanzhar utamfunua wewe." Nikamwambia ndiyo. Sasa shemeji yangu Zaure, mama wa kijana, amemwita Tolegen aimbe yeye. Mwanafunzi wangu! Mpango: nimpate aliyeniharibu, aone aibu, nafasi irudi kwangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Tolegen. Mwezi wa pili tuliimba harusi moja, yeye akakohoa kwenye kipaza sauti, kisha akanipa mimi. Wiki iliyofuata nililala na homa siku sita. Ushahidi kamili. Nilijiandaa njia nzima.

Nikafika, nikafungua mdomo. Nilichotoa hakikuwa mashtaka. Kilikuwa kama mlango mbovu. Tolegen akadhani nimekuja kumpa baraka za Jumamosi, akainama, akanibusu mkono, akaniita mwalimu. Mama yake akaniwekea chai na maandazi. Nikala saba. Yalikuwa ya moto.

Niliporudi nikamgeukia Kulyash. Miaka miwili iliyopita kamba yake ya kufulia ilinikaba shingoni nikiwa juu ya farasi. Nikamwandikia mashtaka kwenye daftari, maana kusema nimeshindwa. Akasoma, akauliza nani aliyekimbiza farasi uani ili kumwonyesha jirani tandiko jipya. Kisha akaniuliza kwa nini sijaribu kuimba tu, labda itatoka. Wanawake! Mtu asiyeweza kusema "karibuni" ataimbaje beti arobaini? Asiyeweza kusimama anaambiwa akimbie. Nimechukia hadi sasa.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote. Naiandika ili watu wajue nilivyoteseka.

Asubuhi nikampigia simu mzee Orazbek, mkubwa wa ukoo wetu. Akiamuru yeye, Zaure hana la kusema. Nikaanza, "Mzee, mke..." Nilitaka kusema mke wa Sanzhar nimfunue mimi, kama alivyousia marehemu. Koo likabana kwenye "mke". Likabana tena. Nikahema, nikajaribu tena. Nikasikia mzee anasema, "Ee Mungu wangu. Jikaze, mwanangu, tunakuja." Akakata.

Saa moja baadaye niliwaona wanaume wanne wanashuka kilima wameshika viuno, wanaomboleza kama desturi inavyotaka, "Ndugu yangu! Ndugu yangu wee!" Walidhani Kulyash amefariki. Wakanikumbatia mmoja mmoja mlangoni, wakalia begani kwangu. Mtu akikulilia begani, adabu ni kulia naye. Nikalia. Nikalia kwa nguvu, kwa sauti ndefu iliyonyooka, bila kukatika hata mara moja. Orazbek mwenyewe alishtuka. Sikulitilia maanani. Kilio si kazi, na mtu halipwi kwa kilio.

Kulyash akatoka bandani na ndoo ya maziwa, akauliza nani amekufa. Kilichomuudhi zaidi ni jinsi machozi ya mzee yalivyokauka haraka. Ilibidi wageni walishwe, maana mtu aliyekuja kulia haondoki na njaa. Nikatafuta nafasi ya kutaja habari ya Jumamosi. Orazbek akaniwekea kiganja mdomoni. "Serikbol," akasema, "leo usiongee tena, nakuomba kwa jina la baba yako."

Ijumaa, 10 Oktoba

Jana sikuandika. Nilikuwa nimelala nimeugeukia ukuta.

Leo nimepata mpango wa mwisho. Kwa Zaure walichinja kondoo kuwapokea wazazi wa bibi harusi. Kichwa huwekwa mbele ya mgeni mkubwa, naye hukata sikio akawapa watoto ili wawe wasikivu. Bibi yangu alikuwa akitupa ulimi tuwe wasemaji. Basi! Mimi sihitaji daktari, nahitaji ulimi. Nikaingia jikoni wanawake walipotoka kukunja tambi, nikafunua sufuria, nikaukata, nikaumeza ungali unachemka.

Nimeungua mpaka kifuani. Ulimi wangu mwenyewe umevimba.

Kichwa kikafika mezani. Baba wa bibi harusi akakigeuza, akachungulia mdomoni, akaniangalia mimi nikitokwa jasho na mafuta kidevuni. Zaure akaona. Hakunikaripia. Alinifuata uani akasema polepole, "Shemeji, Yerbol angekuona leo angecheka. Mimi siwezi. Kesho kaa tu karibu na mtoto. Hatuna shida na sauti yako."

Maneno yale yameniuma kuliko mafuta. Hawana shida na sauti yangu! Kesho nitachukua kipaza sauti na kumshtaki Tolegen mbele ya kila mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike haraka niimalize.

Akbota, bibi harusi, alisimama uani amefunikwa kitambaa cheupe, shangazi wawili wamemshika mikono. Msichana mwembamba. Kitambaa kilikuwa kinatetemeka mbele ya pumzi yake. Tolegen akagusa dombra. Nikaanza kusogea kuelekea kipaza sauti. Nilikuwa nimeshakikamata aliposikika akiimba jina la kwanza, na jina la kwanza lilikuwa langu. Hakuanza na Orazbek. Aliimba kwamba yupo mwanaume aliyemfundisha mtoto yatima kupanda farasi, na kwamba bibi harusi amsalimu huyo kabla ya wakubwa wote.

Akbota akainama. Kwangu. Chini kabisa.

Watu wakanigeukia, kipaza sauti mkononi. Mashtaka yangu yakapotea yote. Nilitaka kusema "uishi miaka mingi, binti yangu". Ni maneno machache sana. Lilitoka "ui", kisha koo likafunga, kisha sauti kama ya mbuzi anayechinjwa, na spika ikaipeleka mpaka barabarani. Bibi mmoja akaanza kulia. Kisha wote. Walidhani nimeguswa. Sanzhar akafunika uso. Tolegen akanyoosha mkono, akazima kipaza sauti taratibu, bila kuniangalia.

Nikaondoka kupitia nyuma ya zizi. Nilisikia kelele walipomfunua. Nilikuwa nimewapa kisogo.

Yerbol, nilijaribu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kulyash amekwenda kumsaidia Zaure kuosha vyombo. Mimi nimebaki na kondoo. Wao hawaniulizi kitu.

Nilipokuwa natupa nyasi, nikaanza kuvumisha wimbo, basi tu, mikono ikiwa na kazi. Yule jike mwenye baka jeusi alikuwa na nyasi kichwani kama kitambaa. Nikamwimbia. Nikamtambulisha kwa Orazbek, kwa Zaure, kwa mashangazi wote. Nikaweka ubeti wa Yerbol, nilioutunga zamani na sijawahi kuutoa kwa mtu. Beti zote arobaini. Nilipogeuka, Kulyash alikuwa mlangoni, beseni tupu mkononi, anatokwa na machozi.

Akasema, "Sauti ilikuwepo, Serikbol. Jana pia ilikuwepo."

Nikajaribu kumjibu. Likakatika neno la kwanza.

Akaenda ndani, akaitoa ile karatasi ya daktari, akaigeuza upande ambao sijausoma. Imeandikwa: Jaribu kuimba. Kwa baadhi ya wagonjwa sauti ya kuimba hubaki nzima.

Nilikaa zizini mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefikiri kwa makini. Ni wazi sasa. Kilichonitibu ni ulimi. Umechelewa siku mbili tu kwa sababu niliumeza bila kutafuna. Au nyasi za zizini. Au ni kweli Tolegen, maana Jumapili hakuwepo karibu.

Sanzhar na mkewe walikuja asubuhi kuaga. Wanahamia Almaty. Kulyash alishawaambia yote, mwanamke huyu hafichi kitu. Sanzhar akaiangua dombra ukutani, akaniwekea magotini. Akbota akajifunika upya kitambaa chake cheupe, akasimama katikati ya chumba, mikono yake mwenyewe ameikunja.

Sanzhar akasema, "Baba mkubwa, basi halijafika. Mfunue wewe. Ile ya Jumamosi tutasema yalikuwa mazoezi."

Nyuzi zilikuwa chini ya vidole.

Nikatikisa kichwa. Nikaandika kwenye daftari kwamba haifai kuanza kazi kabla ya kujulikana aliyeniharibu, isije ikakatika katikati. Wangoje kidogo. Nimebakiza watuhumiwa wawili.

Akbota alisoma kupitia kitambaa, kisha akakifunua mwenyewe. Kumbe ana kidoti kidogo juu ya mdomo. Sikukijua. Sanzhar akanibusu mkono, akaitundika dombra mahali pake.

Wameondoka na basi la saa nne. Kulyash hajanisemesha tangu hapo. Kesho naanza na maji ya kisima.