Ringi za Watu wa Kilo Mia

Injinia hakusomea uinjinia. Cheo alijipa mwenyewe siku aliyopata koti jeupe la mtumba likamkaa vizuri, na tangu hapo amekuwa akisimama nje ya duka la rangi, penye kona, akikagua baiskeli za watu kwa macho. Asubuhi hiyo alimwona mama mmoja mnene, mnene wa haki, akipita juu ya baiskeli ya kizamani bila chochote kuyumba. Ringi pana za chuma, spoku thelathini na sita kila gurudumu. Mate yakamjaa Injinia mdomoni.

"Shikamoo, mama. Hebu simama kabla hujaumia."

Mama akasimama. Nani asingesimama?

"Marahaba. Nimefanyaje?"

"Wewe hujafanya kitu, ni hayo magurudumu. Samahani, una kilo ngapi?"

"Zinakuhusu nini?"

"Mimi hazinihusu. Zinaihusu ringi. Chuma huchoka, mama. Kinabeba, kinabeba, hakisemi, halafu siku moja kwenye mteremko kinakuacha."

Akamtolea magurudumu yake, membamba, yanang'aa kama sufuria mpya.

"Mbona spoku chache?" mama akauliza.

"Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kila spoku ina tundu lake kwenye ringi. Spoku nyingi, matundu mengi. Sasa wewe mtu mzima, utakalia kitu kilichotobolewa mara thelathini na sita?"

Ukweli Injinia aliujua kama fundi yeyote: mtu mzito anataka ringi pana na spoku nyingi, nene, zilizokazwa sawasawa. Ndiyo maana aliyataka magurudumu ya mama. Wabeba maji wangeyagombania. Basi wakabadilishana, na mama akaongeza kidogo juu, na akashukuru.

Injinia ana mwiko mmoja kazini: mteja haulizwi anakwenda wapi. Ukishajua safari ya mtu, huruma inakuingia, na yeye ana chumba cha kulipia kodi, mke, na mtoto aliye njiani, ambaye wamemsubiri miaka sita. Akayapeleka magurudumu nyumbani, akayaegemeza nyuma ya mlango, akayafunika kanga. Siku ya tatu akayafunga kwenye baiskeli yake mwenyewe, ili mnunuzi ayaone yakitembea.

Kesho yake asubuhi mkewe akashika kiuno.

"Uchungu umeanza."

Injinia akavaa shati nje ndani. "Mkunga yuko wapi?"

"Nimeshampigia simu. Anakuja na baiskeli."

"Baiskeli?"

"Usiwe na wasiwasi. Ni mnene, lakini juzijuzi kaweka magurudumu mapya. Anasema kauziwa na injinia mmoja, mpole sana."

 Injinia akarukia baiskeli, akaenda mbio kumpokea njiani.

Alimkuta chini ya mteremko, mbele ya kibanda cha fundi viatu. Mama amekaa ukingoni mwa barabara na mkoba wake mapajani, gurudumu la mbele limekunjika kama kofia iliyokaliwa. Watu sita wanatazama.

"Mama, mke wangu anajifungua."

"Kumbe ndiye ninayemwendea? Pole, mwanangu. Nami ndio hivi, sina gurudumu."

"Chukua haya. Ni yako."

"Yangu? Yangu si haya hapa?"

"Nilikudanganya. Haya yako yalikuwa mazima, hayo niliyokupa hayawezi kubeba hata mbuzi."

"Sema kwa sauti. Fundi viatu hasikii vizuri."

Injinia akasema kwa sauti. Akarudia, maana hata muuza magazeti alitaka kusikia.

"Na baiskeli yenyewe iliyoyabeba?" mama akauliza.

"Chukua yote, mama. Nenda tu, nakuomba."

Mama akapanda taratibu, akajiweka sawa, akamwambia asimwachie vitu vyake barabarani. Kwa hiyo Injinia akarudi kwa miguu, baiskeli ya mama begani, jasho mpaka kwenye soksi, akimwomba Mungu kila hatua.

Akafungua mlango. Mkewe na mkunga wamekaa kitandani, wanakunywa chai.

"Uchungu?"

"Umeacha," mkewe akasema.

"Umeacha vipi?"

"Bado wiki mbili," mkunga akajibu, akipuliza kikombe. "Juzi nilikuja kumpima mwenzako, nikakuta magurudumu yangu nyuma ya mlango yamevikwa kanga. Jana hilo gurudumu lako likanibwaga, tazama goti. Leo nimeliburuta tu mpaka pale mteremkoni, kama tulivyopanga na mwenzako."

Injinia akamgeukia mkewe. "Si ungeniambia niyarudishe?"

"Ungeniambia ni ya rafiki yako." Mkewe akaweka kikombe chini. "Miaka sita nimesubiri. Siku ya kweli nikimwita mama huyu, nataka afike."

Injinia, mtu ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akaishia kuomba chai.

"Imekwisha," mkewe akasema, na birika lilikuwa bado linatoa mvuke.