Asilimia Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito. Mke wangu kaniambia nisiiguse, kaka yake atakuja Jumamosi. Huyo kaka yake, shemeji yangu, ndiye fundi wa ukoo mzima, na mimi huniita Injinia kwa dhihaka mbele za watu. Jumamosi! Kwani mimi mikono sina? Nikaiamuru ikague diski yake. Maandishi yakasema kazi itachukua muda, nisizime. Ikafika asilimia kumi na moja, ikaganda. Nikanywa chai, bado. Nikaoga, bado. Nikatafakari kwa kina, nikaona imelala, na dawa ya aliyelala ni kumwamsha. Nikachomoa plagi.

Jumanne, 4 Machi
Haiwaki. Yaani inawaka, lakini skrini nyeusi tii na mstari mmoja mweupe: mfumo wa kuanzia haukupatikana. Nimezima, nimewasha. Nimeipangusa. Nimeibembeleza. Mstari uleule.

Humo ndani kuna sauti ya marehemu baba mkwe. Mwaka wake wa mwisho mke wangu alikuwa akimrekodi jioni, mzee akisimulia ujana wake, akiimba, akikohoa, akicheka. Hakuna nakala nyingine popote. Mke wangu huisikiliza akikunja nguo.

Nimemwambia umeme ulikatika katikati ya ukaguzi. Akaniuliza taratibu ulikatika lini, maana saluni yake iko chumba cha mbele na draya ilikuwa inanguruma mchana kutwa. Nikasema ulikatika upande wangu tu. Mteja aliyekuwa anasukwa akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango mpya! Mwenzangu wa kazini kaniazima flashi yenye mfumo mzima. Kompyuta ikauliza: irekebishe, au ifute kila kitu ianze upya? Nikachagua kurekebisha. Ikashindwa. Ikabaki kufuta. Kidole kikafika kwenye kitufe. Ingewaka, shemeji angekosa la kusema, ningekuwa nimeshinda.

Nikamsikia mke wangu saluni, anaimba polepole wimbo wa baba yake, ule ambao ubeti wa pili humpotea kila mara. Ubeti wa pili uko humu ndani. Nikaondoa kidole. Nimekaa hapa muda mrefu, mikono mapajani. Naogopa. Huenda nimemfisha baba yake mara ya pili, na yeye bado hajui.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja. Nilisubiri aniite Injinia, hakuniita. Akafungua kompyuta, akatoa diski, akaiunga na laptopu yake, akaanza kupekua faili moja moja. Mke wangu alisimama mlangoni na kitana mkononi. Ghafla sauti ya mzee ikajaa chumbani. Siku aliporekodiwa hayo, alikuwa ananitazama nikifungua redio yake.

"Usiogope, mkwe. Ukiharibu, tutakaa tutengeneze."

Mke wangu akalia. Nami nikalia, sioni haya kuandika. Shemeji akamwambia dada yake kwamba diski imezeeka tu, huku macho yake yako kwangu. Kumbe! Nilijua kosa si langu. Akaweka mfumo upya, akaondoka na nakala za sauti zote, eti kwa usalama. Sijui anamwogopa nani.

Jumapili, 9 Machi
Diski inakaguliwa tena. Shemeji kaagiza iachwe mpaka mwisho, hata ikichukua siku nzima. Mke wangu kaenda kumwona mama yake. Kabla ya kutoka kaizungushia plagi utepe wa gundi, raundi nyingi.

Asilimia kumi na moja. Imeganda. Nimekunywa chai. Nimeoga. Bado.

Nimemkumbuka sana mzee. Aliniambia kwa kinywa chake nisiogope, na mimi si mtu wa kupuuza neno la baba mkwe. Saluni imefungwa leo, lakini ufunguo najua unapokaa, na mkasi uko droo ya juu.